YAH: RIMU ZA KUSUBU KUUZWA KWA BEI YA RIMU ZA KUFULIWA

Meneja Mauzo,
Idara ya Rimu na Matairi,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu: rimu za kusubu ni za aloi iliyomiminwa kalibuni, na za kufuliwa ni za gogo la aloi lililokandamizwa na mtambo. Tarehe 3 Februari mlituuzia rimu nne za inchi 17, upana inchi 7.5, bolti 5x100 (tano kwenye duara la milimita 100), ofseti 48 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi inapokaa kwenye habu), za kufunga kwenye Subaru Forester ya mteja. Ankara yenu imeandika "aloi ya foji", yaani ya kufuliwa, Sh 4,600,000. Mtaani neno foji ni kitu cha bandia, na kwa maana hiyo ankara haikudanganya.

Wiki ya sita rimu ya nyuma kushoto ilipasuka ukingo wa ndani. Ufa una urefu wa sentimita 7. Tairi lilikuwa na upepo wa kutosha na halina alama ya kubanwa na shimo, na ukingo haukupinda hata kidogo kabla ya kupasuka. Hapo ndipo shaka ilipoanza, kwa sababu rimu iliyofuliwa ikipigwa huanza kwa kupinda.

Tulizivua zote nne na kuzipima bila tairi: kilo 9.8, 9.9, 9.8 na 10.0. Tangazo lenu linasema 7.1. Tofauti ya karibu kilo tatu kwa rimu haiwezi kuwa rangi. Rimu ya kufuliwa hutoka kwenye gogo la aloi, mara nyingi aina ya 6061, linalokandamizwa na mtambo wa nguvu ya maelfu ya tani kisha kuchongwa. Aloi inashikamana bila vitundu, kwa hiyo kiwanda kinaweza kupunguza unene. Ya kusubu ni aloi iliyoyeyushwa, kwa kawaida aina ya A356 yenye silikoni takriban asilimia 7, ikamiminwa kwenye kalibu. Ikiganda huweza kubaki na vitundu vya gesi ndani, hivyo kiwanda huongeza unene ili kufidia. Unene huo ndio kilo tatu mlizotuuzia.

Fundi wenu alipopigiwa simu alisema tuangalie mistari ya duara ndani ya pipa la rimu (sehemu ya duara inayobeba tairi), eti ni ushahidi wa kufuliwa. Si kweli. Hata rimu ya kusubu hupitishwa kwenye lathe, mashine ya kukereza, baada ya kutoka kalibuni, na lathe huacha mistari hiyohiyo. Geuzeni rimu mtazame mgongo wa spoki: chini ya rangi kuna ngozi ya chengachenga na mshono pale vipande vya kalibu vilipokutana. Rimu ya kufuliwa huwa na alama za kisu cha mashine hapo, haina mshono wa kalibu. Tuliisafisha sehemu yenye ufa, tukapaka wino mwekundu wa kupenya, tukafuta, tukapuliza unga mweupe. Mbali na ufa wenyewe, vilijitokeza vidoa vyekundu vingi vya ukubwa wa kichwa cha pini. Hivyo ni vitundu vya gesi. Rimu ya mbele kulia nayo inashuka kutoka psi 33 hadi 25 kwa usiku mmoja. Maji ya sabuni yanatoa mapovu kwenye pipa lenyewe, si kwenye valvu wala ukingo wa tairi.

Hatusemi kusubu ni kubaya. Magari mengi hutoka kiwandani na rimu za kusubu na hudumu miaka. Zipo pia zilizosubiwa kisha pipa likapashwa moto na kuvutwa kwa rola hadi likawa jembamba na gumu, spoki zikabaki za kusubu. Kwa barabara zetu hizo ni chaguo zuri na bei yake ni ya kati. Mngetuambia hivyo tungeelewana. Ila rimu zenu hazina hata alama ya JWL, ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, wala uzito wa juu zinaoruhusiwa kubeba, na bila namba hiyo hatuwezi kuulinganisha na nusu ya mzigo wa ekseli.

Mambo madogo mawili. Tundu la katikati ni milimita 73.1 na habu ya Subaru ni 56.1, lakini ringi za kujazia hamkuleta. Nati mlizoleta ni M12x1.5 za Toyota, yaani meno yake yamepishana milimita 1.5. Subaru ni M12x1.25. Mwenye haraka angeua meno ya bolti zote 20.

Pendekezo lenu la kuchomelea ufa tunalikataa. Aloi hii hupata nguvu kwa kupashwa hadi karibu nyuzi 540 za Selsiasi, kuzamishwa majini, kisha kuokwa tena kwa moto mdogo. Moto wa kuchomelea unaifuta kazi hiyo pembeni mwa ufa, na ufa unaofuata hutokea hapohapo.

Tunataka ndani ya siku 14: kurejeshewa Sh 4,600,000 zote au kuletewa rimu zilizofuliwa kweli, zenye alama ya JWL na uzito wa kubeba, na wanunuzi wengine wa shehena hiyo wajulishwe. Siku hizo zikipita, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na ankara, picha na vipimo.

Rimu zote nne ziko kwetu. Njooni na mizani yenu. Ile yenye ufa mtaitazama hapahapa. Haitoki hadi fedha zirudi.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Karakana
(Nakala: mwenye gari)