Kaka, chukua hiyo timu

Shikamoo kaka,

Tangu goti likustaafishe, vijana wa mtaani wanakuomba uwafundishe, nawe jibu lako ni lile lile: hukucheza ligi kuu, nani atakusikiliza? Nimeshindwa kunyamaza. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenye mawazo kama yako wako wengi.

Hebu mwangalie Dick Campbell, kocha wa soka wa Scotland. Alizaliwa 1953, na uchezaji wake ulipita kwenye timu ndogo kama Brechin City. Ukocha wake nao ulikuwa zaidi kwenye timu ndogo. Aliipandisha daraja Brechin, akaipandisha Partick Thistle, baadaye Forfar. Akatimuliwa pia, na si mara moja. Mwishoni mwa 2015 Forfar walimwondoa akiwa na miaka 62. Mwingine angebaki nyumbani na wajukuu. Yeye Machi 2016 akachukua Arbroath, timu ya daraja la nne.

Uwanja wao, Gayfield, uko ufukweni kabisa. Bahari ikichafuka, maji ya mawimbi yanaruka ukuta na kuwamwagikia watu, na kipa akipiga mpira dhidi ya upepo unaweza kumrudia. Wachezaji wake walikuwa na kazi zao za mchana. Bobby Linn, winga waliyempenda sana pale, alikuwa mzoa taka. Mazoezi yalikuwa jioni, watu wakishatoka kazini. Kwa kikosi hicho, huku pacha wake Ian akiwa msaidizi wake, Campbell alibeba ubingwa wa daraja la nne 2017, na wa daraja la tatu 2019.

Halafu ukaja msimu wa 2021/22. Daraja la pili, timu nyingine zote zinalipa wachezaji ambao kazi yao ni soka tu, na Arbroath ikaongoza ligi kwa muda mrefu. Aprili 22 walikwenda Kilmarnock, wakatangulia kufunga. Kilmarnock wakasawazisha, na dakika za mwisho Blair Alston akapachika la pili. Ubingwa ukaenda kwa Kilmarnock. Kwenye mechi za mchujo wa kupanda daraja wakatolewa na Inverness kwa penalti. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma, utadhani nimezaliwa Arbroath.

Lakini fikiria kaka, nani aliwafikisha pale? Mtu ambaye kwa miaka mingi alifundisha watu waliochoka na kazi, akajua nani wa kumkaripia na nani wa kumwacha apumue. Hilo wewe unalijua. Ulikuwa unatoka gereji na mafuta mikononi, unafunga viatu, unaingia uwanjani. Nyota wa ligi kuu angewaambia nini vijana wanaoshinda kwenye bodaboda?

Campbell aliondoka Arbroath Novemba 2023, na muda mfupi tu baadaye, akiwa na miaka 70, akapewa timu nyingine, East Fife.

Vijana wanafanya mazoezi Alhamisi saa kumi na moja. Filimbi nimeshanunua, nitakupitia.

Mdogo wako.