Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Milingoti ya Bondeni

Ndugu wanachama, mapadri, wachungaji, masheikh, wazee wetu na kina mama wa vinyungu, zile bustani zetu za bondeni: kamwene. Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, asalaam alaykum.

Fedha atazisoma mweka hazina. Vikao vya kamati vilifanyika vyote isipokuwa kile cha Machi, barabara ilipokatika. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: milingoti, yaani mikaratusi, tuliyoipanda bondeni karibu na maji.

Mvua za msimu huu zilichelewa. Tulipanda mwezi wa kumi na moja kama tulivyofundishwa na wazazi, mahindi yakaota, jua likayachoma, tukarudia. Waislamu tulitoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua, imamu akageuza joho lake kama ilivyo suna. Wakristo walifunga na kukesha. Siku ile ya uwanjani niliwaona wazee wa kanisa wamesimama pembeni, kofia mkononi, hadi tulipomaliza. Sitaisahau. Lakini jioni mama mmoja alinifuata, akaniambia: "Baba Mwenyekiti, maji ya juu tunayaomba, ya chini tumeyapandia milingoti." Nilikosa jibu.

Tunaifahamu chemchemi yetu. Zamani kinyungu cha pembeni yake kilitoa mboga hadi Oktoba. Leo ukikinga ndoo mwezi wa tisa, unasubiri hadi miguu inakufa ganzi. Mlingoti una kiu kubwa na mizizi yake hufika mbali. Simlaumu aliyeupanda, hapa Mufindi mbao ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Kosa ni kuupanda bondeni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru ukingo huo.

Basi tukachukua futi kamba, na tukaanza na ya kwetu. Safu nzima ya miti ya kanisa ilikuwa ndani ya mita hizo, na kipande cha wakfu wa msikiti vilevile. Hapo ndipo umoja wetu ulipojaribiwa kweli. Miti ya kanisa ilisubiriwa kuezeka nyumba ya mchungaji. Ya msikiti ni wakfu, na wapo waliouliza kama inaguswa. Sheikh alijibu kwamba ardhi inabaki wakfu na fedha ya mbao itaendelea na kazi ileile. Mchungaji aliwasomea waumini wake Mwanzo 2:15, "ailime na kuitunza", akasema tumelima sana. Kulikuwa na maneno makali kwa wiki kadhaa, na waliosema ukweli nawashukuru. Kisha miti ikaanguka, ya pande zote mbili, wiki moja.

Kukata hakutoshi. Kisiki cha mlingoti huchipua, kwa hiyo vijana wa kwaya na wa madrasa hushuka na mapanga kila mwezi kuondoa machipukizi. Tumepanda mivengi na mikuyu, miti rafiki wa maji. Miche mingi ilikufa kwa sababu niliruhusu ipandwe mvua zikiwa ukingoni, na uzio haukuwepo, mbuzi wakaingia. Kosa hilo ni langu. Safari hii tutapanda Januari.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka wake juu ya kutunza dunia, na Agosti mwaka uleule viongozi wa Kiislamu walitoa tamko lao mjini Istanbul. Yote mawili yanazibana nchi tajiri zinazochoma mafuta na makaa, na ni haki. Miche yetu haitapoza dunia. Ila mvua ikija kwa fujo kisha ikakata, bonde lenye uoto ndilo linalobakiza maji. Maji yetu huingia Ruaha Mdogo, hupita Iringa mjini, huungana na Ruaha Mkuu, hufika bwawa la Mtera. Maji ya Ruaha yakipungua, tumezoea kuwalaumu wakulima wa mpunga wa Usangu. Na sisi wa huku juu tujitazame.

Sasa ni zamu ya mashamba ya wanachama. Mwenye milingoti ndani ya mita 60 aandikishe jina kwa katibu leo, kabla ya chakula. Tutaanza kupima Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, na shamba la kwanza ni langu.