Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mazungumzo ya Historia na Siku za Urithi Vijijini, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, vijana wa komuni za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi, nanyi mliosafiri kutoka Kipushi, Kambove na Kasenga,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe ilivyokwenda, na sababu ya kamati kupendekeza kwamba mwakani tupunguze mazungumzo ya hapa Lubumbashi ili nguvu zetu ziende kwenye kurudisha vijijini sauti za wazee tulizozirekodi huko. Aliyekuwa na miaka 10 Katanga ilipojitenga na Kongo, Julai 1960, sasa ana 74. Walioona kwa macho yao mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Desemba 1941 karibu wote wamekwisha. Huku sisi tuna sanduku la diski zenye sauti za watu ambao wajukuu zao hawajawahi kuzisikia.

Mazungumzo ya mjini

Mada za mjini zinajaza viti zenyewe: reli iliyofika kutoka kusini mwaka 1910, shaba ya kwanza iliyoyeyushwa hapa mwaka 1911, Tshombe, kiongozi wa Katanga, na miaka ya kujitenga hadi Januari 1963. Nina neno moja tu hapo. Msemaji apewe dakika 40, wasikilizaji wapewe 40 nyingine. Akichukua saa moja na nusu peke yake, mzee aliyekuja na jambo lake anarudi nalo nyumbani, na mara nyingi lake ndilo lingekuwa jipya.

Mada iliyotutoa jasho ni Bunkeya, makao ya Mwami M'siri na watu wake Bayeke. Mwami M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Mzungu Stairs. Tarehe haibishaniwi, na Bayeke huikumbuka kila mwaka. Ubishi uko kwenye mengine yote. Basanga, waliokuwa wamemwasi mwaka huohuo, wana simulizi lao kuhusu utawala wake. Bayeke wana lao kuhusu kichwa chake kilichokatwa na kilikopelekwa. Kuwaketisha wasemaji wa pande mbili meza moja hakufai, kwa sababu wanaanza kujibizana na kila mmoja anaacha kusimulia. Utaratibu unaofaa ni huu: kila upande una siku yake; msimamizi anaanza kwa kusoma yale ambayo hati na simulizi zinakubaliana (mmisionari Arnot kufika Bunkeya mwaka 1886, uasi wa Basanga, kifo cha Mwami, Mukanda Bantu kumrithi); kisha msemaji anasimulia bila kukatizwa. Swali linaloanza na "si kweli" linaandikwa daftarini, halijibiwi palepale.

Kuupata mwaka

Wengi wenu mnaleta sauti nzuri zisizo na mwaka. Msimwulize mzee ilikuwa mwaka gani, maana atawapa mwaka wowote ili mridhike. Mwulizeni pesa. Mahari ya dada yake mkubwa ililipwa kwa franga au kwa zaire? Zaire ilianza 1967, zaire mpya ikaja 1993, franga ikarudi 1998. Mwulizeni kama wakati huo mwalimu alimwita kwa jina la ubatizo, kwa kuwa tangu 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Kuna vita vya Shaba (ndilo jina la Katanga wakati huo) vya 1977 na 1978, na kuna watu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walioondoka kwa hiari kati ya 2003 na 2004. Kwa habari za baba na babu zao, tumieni ujio wa treni, na mdororo wa uchumi wa 1930 hadi 1932, migodi ilipowarudisha wafanyakazi makwao kwa wingi. Mkipata jambo moja lililotangulia na moja lililofuata, inatosha: andikeni "kati ya 1967 na 1972" na msijifanye mnajua zaidi. Kufukuzwa hapa kwa Wakasai, watu wa asili ya Kasai, 1992 na 1993, ni alama nzuri ya wakati lakini ni kidonda kibichi. Kiulizeni mwisho, au mwacheni mwenyewe akitaje.

Kurekodi na kutunza

Simu zenu zinatosha, mkizitumia vizuri. Wekeni programu ya kurekodi kwenye WAV, aina ya faili isiyobana sauti, kilohezi 48 na biti 24, chaneli moja. Saa moja inachukua megabaiti 520 hivi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 ina nafasi ya saa 60. Simu iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Msiiweke juu ya meza tupu, kwa sababu kila kidole kinachogonga meza kinaingia kama ngoma. Zimeni mtandao kabisa, kwani simu ikiita katikati, baadhi ya programu zinasimamisha kurekodi bila kutoa taarifa. Chini ya mabati wakati wa mvua msihangaike hata kuanza. Chini ya mwembe ni pazuri kama hakuna upepo. Kuku hawadhuru sana.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kutuma rekodi ya asili kwa WhatsApp kisha kuifuta kwenye simu ili kupata nafasi. WhatsApp inaweza kuikamua sauti, na kilichopotea hakirudi. Leteni kadi yenyewe. Faili lianze na tarehe, kijiji, kisha namba, na jina la msimulizi libaki daftarini tu, kwa sababu wapo waliokubali kwa sharti kwamba sauti yao isifunguliwe wakiwa hai. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa lugha ya msimulizi, kabla hajaweka kidole. Nakala ni tatu: mbili kwenye diski tofauti, na ya tatu ilale nyumba nyingine.

Picha za familia hatuzibebi tena kuleta mjini. Tunapeleka skana kijijini na kuzirudisha mkononi mwa mwenyewe siku hiyohiyo. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikipigwa skana kwa nukta 600 kwa kila inchi inaweza kuchapishwa kwa ukubwa wa A4 bila kufifia. Nyuma ya picha tumieni penseli laini. Wino wa biki unapenya, na ukisukumwa kwa nguvu unaacha mfereji upande wa uso.

Siku za urithi

Hapa ndipo mwaka ulipokuwa na uzito. Msimu ni kuanzia Mei hadi Agosti. Kabla ya hapo barabara ni tope, na baadaye moto wa porini na joto vinachosha wazee. Jumapili hatuanzi kabla watu hawajatoka kanisani, na tunafunga jua likiwa bado juu ili wa mbali wafike kwao.

Ruhusa ina mpangilio wake. Kwanza shefu wa kijiji, kwa mdomo, mkiwa na mtu anayemfahamu na zawadi ya kuingilia. Halafu sheferi au sekta, ngazi ya utawala iliyo juu ya vijiji, kwa barua. Halafu teritwari, ngazi ya juu yake, kwa nakala ya barua hiyo yenye muhuri. Wanaoanza na muhuri wa mjini na kuupeleka kijijini kama amri hupokelewa kwa heshima, kisha siku yenyewe wazee wote "wako shambani".

Chakula: kilo 25 za unga zinatosha bukari (ugali) ya watu 100 hivi, kama mboga ni ya kutosha. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulituharibikia zaidi ya mara moja, na sababu ni ileile. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe hadi mkono uweze kukaa ndani bila kuungua, ndipo mizizi iliyopondwa inatiwa. Ni mizizi inayoufanya uji uwe mwepesi na mtamu. Ukiitia uji ungali unachemka, nguvu ya mizizi inakufa, na asubuhi mnakuta uji mzito uleule umeanza kuchacha vibaya. Mama wa kijiji wanalijua hili vizuri. Haraka ilikuwa yetu sisi wageni, tuliotaka kila kitu kiwe tayari kabla ya giza.

Tanuru la shaba

Kazi hii watu waliisubiri tangu mwaka juzi. Mwaka 1924 Monsinyori de Hemptinne aliwaomba wayeyushaji wa Kiyeke wairudie kazi ambayo ilikuwa imeachwa, na maelezo yake ndiyo tuliyoyafuata pamoja na mafundisho ya wazee. Zamani ilikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno, na kwa sababu hiyohiyo inafaa siku zetu za urithi.

Tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu, kimo cha kiuno, mdomo wa chini wa kutolea shaba, na matundu ya mirija ya udongo inayopokea upepo wa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Udongo wa kichuguu umeshikana na unavumilia moto. Lakini ni lazima ukauke. Tanuru liachwe kivulini wiki mbili, kisha liwashiwe moto mdogo wa kuni siku nzima kabla ya kazi. Likikimbizwa linapasuka kutoka juu hadi chini mara makala (makaa ya miti) yanapokolea, upepo unatokea kwenye ufa, na joto haliongezeki tena hata mvukute hadi usiku. Shaba inayeyuka kwa nyuzi 1,085. Mivukuto miwili ipokezane, mmoja ukivuta mwingine ukipuliza, na wavukutaji wabadilishane kabla hawajachoka, wasingoje kuchoka. Moto ukipoa katikati, shaba inaganda ndani ya skori, yaani masalia ya mawe yaliyoyeyuka, na haitoki.

Mawe ya kijani yenye shaba, yaani malakiti, yapondwe yafikie ukubwa wa punje ya karanga. Ya makubwa yanabaki mabichi moyoni, na vumbi linaziba njia ya hewa. Tabaka la makala, tabaka la mawe, hivyohivyo hadi juu, na makala yawe ya miti migumu. Malakiti safi ina shaba asilimia 57, lakini mawe tunayookota yana udongo mwingi, na shaba nyingine inabaki kwenye skori. Waambieni watazamaji mapema, wasije wakadhani wamedanganywa wakiona kilichotoka.

Hatari kubwa iko kwenye kalibu, ambamo shaba inamiminwa ipate umbo la msalaba. Kalibu ya mchanga yenye unyevu ikipokea shaba iliyoyeyuka, maji yanageuka mvuke mara moja na kuirusha shaba usoni mwa watu. Kalibu ichomwe kwa makaa hai kabla ya kumiminia, na watazamaji wakae nyuma ya kamba, mita 5 kwa uchache. Watoto ndio wa kulindwa, kwa kuwa kila mmoja anataka kuuona msalaba ukizaliwa. Mafundi wavae viatu vya ngozi na nguo za pamba. Nailoni inanata mwilini.

Misalaba iliyotoka tumewaachia wenyeji. Baadaye tulionyesha picha za misalaba iliyofukuliwa makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale, jinsi ilivyopungua ukubwa na kufanana zaidi karne hadi karne, hadi ikawa fedha ya kuhesabu. Kijana mmoja aliitambua kutoka kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Alikuwa hajui kwamba ni kitu kilichowahi kushikwa mkononi.

Matembezi ya vilima vya shaba ni rahisi zaidi na hayana gharama. Mnachagua kilima kisicho na miti katikati ya msitu. Miti haioti kwa sababu udongo una shaba kupita kiasi, ila kuna mimea midogo inayovumilia, kama ile ya maua ya zambarau ambayo wanasayansi wanaiita Haumaniastrum katangense na ambayo watafutaji wa madini waliifuata. Nendeni mara mvua zikiisha, kabla moto haujapita.

Mahali tusipokwenda, na vitu tusivyochukua

Maombi ya kutembelea Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa uranium, yanaendelea kuja. Jibu ni hapana. Kuna mionzi, machimbo yaliporomoka na kuua watu mwaka 2004, na mahali pamefungwa. Uranium iliyotoka pale kwenda Marekani wakati wa Vita vya Pili inaweza kuelezwa vizuri ukumbini kwa ramani. Anayetaka kusimama mahali pa historia aende Shilatembo, kwenye barabara ya Likasi, alikouawa Lumumba pamoja na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961.

Vitu vya kale havinunuliwi na wanachama wala havibebwi, hata vikitolewa kwa moyo mweupe. Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Kitu kipigwe picha kando ya rula, mahali kilipopatikana paandikwe, kibaki kwa wenyewe. Wachimbaji wakikuta vyungu au misalaba shimoni, waombeni wasiendelee kuvitoa, na iarifiwe makumbusho ya taifa hapa Lubumbashi.

Mwakani

Kamati inaomba mkutano upitishe haya. Mazungumzo ya mjini yawe mara moja kila miezi miwili badala ya kila mwezi. Kila kijiji kilichorekodiwa kirudishiwe sauti zake kabla hatujakwenda kipya. Njia tumeshaijaribu: sauti zinageuzwa MP3 ya kilobiti 128, saa moja inakuwa megabaiti 58 hivi, na kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya saa 100. Kadi inaingia kwenye zile radio ndogo za sola ambazo karibu kila kijiji kinazo, bila kompyuta wala intaneti. Kadi mbili kwa kijiji, moja kwa shefu na moja shuleni, pamoja na karatasi yenye orodha ya namba za sauti, kwa kuwa radio hizo hazionyeshi majina. Sauti zenye sharti la kufungwa ziondolewe kwanza. Katibu na mjumbe mwingine mmoja wasaini kwamba wameangalia.

Mchango wa mwezi ubaki ulivyo. Ada ya siku ya urithi kwa wageni wa mjini ipande, kwani petroli na unga vimepanda na wenyeji hawapaswi kutulisha.

Wanaojitolea kugeuza faili wajiandikishe kwa katibu leo kabla ya kutoka, kila mmoja akieleza lugha anazozisikia: Kisanga, Kibemba, Kilamba, Kiyeke au Kiluba. Wa Kilamba ndio wachache kuliko wote.

Mwenyekiti