Ajabu ya bure siitaki: barua kwa shoga yangu wa Malindi

Mkomani, Lamu

Kwa shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku Lamu sote tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anataka kujua kama yule mdogo ameshaacha ziwa. Barua yako imefika pamoja na tende na kitambaa, na kitambaa kimeshakwenda kwa fundi.

Wabaad. Umeniuliza mtu mzima, mwenye kazi na nyumba, anapata nini katika vitabu vya majini, wachawi na vyombo vya angani. Ukaongeza kwamba dunia yenyewe ina mambo ya kutosha, hakuna haja ya kubuni mengine. Swali lako nimelichukua kwa uzito, kwa sababu tangu mfungo wa Ramadhani sijasoma vitabu vya aina nyingine, na kila nilipofunga kimoja nilijiuliza hasa natafuta nini humo.

Nadhani nimekijua. Natafuta gharama. Katika maisha haya yetu mtu hufanya jambo leo, deni lake likaja baada ya miaka ishirini, tena likadaiwa kwa mtoto wa mwingine, na hapana anayeunganisha hili na lile. Mwandishi hodari wa hadithi za ajabu humleta mdai mpaka mlangoni, mchana kweupe, ukamwona sura. Akifanya hivyo namwamini hata akiniambia paka anasema. Asipofanya, ajaze majini kitabu kizima, mimi usingizi unanichukua.

Wa kwanza unaye nyumbani. Adili na Nduguze tulikisoma shuleni, tukakariri majina ya wahusika kwa ajili ya mtihani, tukapita. Kisome tena sasa. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952, na asili yake ni kisa cha Alfu Lela U Lela ambamo ndugu wawili wanageuzwa mbwa; yeye akawafanya manyani. Hasidi na Mwivu wamemtosa ndugu yao baharini, jini Huria anamwokoa, anawaadhibu wakosaji. Mpaka hapo ni hadithi ya kulalia watoto. Lakini amri inatoka kwamba Adili mwenyewe awapige wale manyani kila usiku. Angalia basi ni nani anayelipa! Aliyedhulumiwa ndiye anayeshika mjeledi huku machozi yanamtoka, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Haki imetolewa, na haki hiyohiyo imemfunga mwenye haki. Nilipokuwa na miaka kumi na sita sikuona uzito wa jambo hili. Sasa nina ndugu zangu mwenyewe, na ukurasa ule nausoma polepole.

Kisha nikaingia A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Mwanaisha, hiki ni kitabu cha watu wa visiwani. Dunia yote ni visiwa, watu wanakwenda kwa mashua, na Ged, mtoto wa kisiwa cha Gont anayepelekwa shule ya uchawi, ana ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake Vetch ni mweusi hasa. Mchawi ndani ya chombo anaweza kuita upepo ukaingia kwenye tanga lake peke yake.

Sehemu hii nilimsimulia ami yangu. Unamjua, yule aliyekuwa nahodha, na sasa macho yamemchoka lakini mikono bado. Alikuwa kakaa dakani baada ya Alasiri, tanga limetandazwa magotini, anatia kiraka. Nikamweleza habari za mchawi na upepo wake. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Na huo upepo kautoa wapi? Maana ukija huku, kuna mahala umetoka, na aliyeko huko kashikwa na shwari." Nikapanda juu mbio, nikaleta kitabu, nikamfasiria pale mwalimu anapomwonya Ged: mvua ukiileta kisiwa hiki, huenda ukawapa ukame wa kisiwa kile, na shwari ya mashariki yaweza kuwa dhoruba na maangamizi magharibi. Ami akasimamisha sindano. "Huyu aliyeandika," akasema, "kaogopa bahari vizuri."

Sijasoma mapitio ya kitabu yaliyo bora kuliko hayo. Na Ged naye hasikii onyo. Kwa kiburi cha ujana, kwa kutaka tu kumwonyesha mwenzake anayemdharau kwamba yeye ni zaidi, anamwita mfu, na mlango anaoufungua unatoa kivuli. Mkubwa wa shule, mzee Nemmerle, anakufa kwa kuuziba mlango ule. Ged anabaki na makovu usoni na kile kivuli nyuma yake, na kitabu kizima kilichosalia ni hesabu ya usiku mmoja. Hapana vita vya majeshi, hapana mfalme mwovu wa kupinduliwa. Mwisho wake uko baharini, mbali kabisa upande wa mashariki, na sikuelezi.

Nakuja kwenye kile ninachotaka ukisome kabla ya vyote. The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, dada wa Mombasa, wa asili ya Kihadhrami kama nusu ya mtaa wetu. Mswada wake ulishinda mwaka 2018 tuzo ya Afrika ya wachapishaji Graywolf wa Marekani, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kitabu kikatoka 2021. Na mwaka 2022 kikapata tuzo ya kwanza kabisa iliyoanzishwa kwa jina la Le Guin, huyuhuyu niliyekutajia. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kama vile tumeolewa nyumba moja.

Aisha ni binti wa mvuvi. Baba yake anakwenda baharini harudi. Watu wazima wanaanza kusema maneno ya subira, unayajua maneno yale, na msichana anashuka pwani na paka asemaye aitwaye Hamza, anapanda chombo cha mifupa, anakwenda kumtafuta. Huko anakutana na viumbe vitatu vya bahari, kila kimoja kinatisha kuliko kilichotangulia. Mwandishi huyu hakuazima majoka ya theluji. Papa wake ni papa wa maji yetu, na Hamza ana kiburi na adabu ya paka wa Lamu, wale wanaokaa barazani kama wazee wa mtaa. Kiingereza chake chenyewe kinakwenda kwa mwendo wa mazungumzo ya bibi zetu: kuzunguka kwanza, kuchoma baadaye.

Watakuja kukwambia kwamba kitabu kinalegea baada ya safari ya baharini. Usikubali. Baba anaporudi ndipo hadithi inapoanza kudai. Aisha amekwisha kusema na vilindi, sasa anarudi kwenye nyumba ambayo bibi yake anataka aolewe, atulie, awe kama wengine. Bibi si mbaya. Anampenda, na anaogopa, na hofu yake ina sababu. Kunguru wanamtazama msichana na kuzungumza juu yake. Kila kitu cha nyumbani kiko mahali pake, sufuria, mkeka, sauti ya adhana, na yeye haenei tena. Alitoa nini kumpata baba? Alitoa uwezo wa kutosheka na nyumba ya baba. Sijaona mtu akililipisha jambo hili kwa msichana wa pwani kwa ukweli hivi, bila kumlaani na bila kumpongeza. Kurasa zile nilizisoma juu darini mpaka giza likanizuia.

Binti cha Nnedi Okorafor nitakisema kwa ufupi, ingawa watu wengi wanakisifu kuliko vyote. Ni kifupi, cha 2015, kilichukua tuzo za Hugo na Nebula, zile kubwa za hadithi za kubuni za sayansi. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, jina lake Binti, hodari wa hisabati, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, amejipaka udongo mwekundu wa nyumbani. Mwanzo wake ni mzuri mno: msichana anatoka nyumba ikiwa imelala, anajua akishatoka ndoa imempita na jamaa watamkasirikia. Chombo kinachomchukua ni kiumbe hai, jambo nililolipenda sana. Kisha viumbe waitwao Meduse wanavamia na kuwaua abiria wote isipokuwa yeye. Rubani pia anaachwa hai. Wale vijana walikuwa wamekula naye meza moja. Na kabla kitabu hakijaisha amani imefanywa, na muuaji mmoja amekuwa mwenzake chuoni. Nimelikataa hilo moyoni. Binti analipa kwa mwili wake, kweli, anabadilishwa asichoomba, lakini wale waliokufa nani amewakalia matanga? Kuna vitabu vya pili na vya tatu vinavyofuata, nami nitavisoma nikitumaini deni lile linakumbukwa.

The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, cha 2023, kitakufurahisha wewe kuliko mimi. Karne ya 12, bahari hii yetu: Aden, Sokotra, Mogadishu. Nahodha mwanamke, haramia mstaafu, amepita miaka arobaini, goti linamuuma, ana binti na mama wa kuwatunza, anasali na anahesabu dhambi zake. Mume wake mmoja si binadamu. Nilicheka kwa sauti mara kadhaa, na mazungumzo ya Amina na mabaharia wake wa zamani ni matamu, kila mmoja anajua aibu ya mwenzake. Lakini kila Amina anapopoteza kitu, naona mwandishi anampenda mno, anamwekea kingine mkononi chenye faida zaidi. Nakitetea hata hivyo kwa jambo moja: mama anayetaka bahari na mtoto kwa pamoja, na kuona haya kwa kuitaka bahari. Hilo halikupewa dawa.

Na Walenisi cha Katama Mkangi, cha 1995. Huyu ni mtu wa pwani, mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 na serikali ya wakati ule. Shujaa wake Dzombo anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Anajifunza kukiongoza, anafika sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Kurasa za hukumu na za kurushwa zimenikaa kifuani. Aliyeziandika aliijua seli. Baada ya kufika, naona maelezo yanazidi maisha: wenyeji wanafundisha sana, ninatamani kuwaona wakigombana juu ya kisima au wakichumbiana. Lakini kwamba kitabu hicho kipo, kwa Kiswahili, kimeandikwa na mtu wetu, na vijana wa hapa wamepita shule nzima bila kukisikia, linaniuma.

Wewe hasa ungepaswa kukisoma, kwa pale unapoishi. Ukienda Ngomeni unaona miguu ya jukwaa la San Marco imesimama baharini. Kutoka pale, tarehe 12 Disemba 1970, ilirushwa setilaiti ambayo kwa heshima ya sikukuu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za nyota. Maroketi yaliendelea kuruka pale mpaka 1988. Wavuvi wa Ngomeni wameviona vyombo vya angani kwa macho yao kabla wengi wa wanaoviandika. Iko wapi riwaya yao? Mtoto wa mvuvi aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule wa 1970 sasa ni mzee, na anakumbuka. Wewe una kalamu nzuri kuliko yangu, una mjomba kule, na una jioni baada ya watoto kulala. Nenda ukamuulize moshi ulikuwa na rangi gani, samaki walifanya nini siku ile, na wazee walisema nini walipoambiwa kitu kile kimekwenda kusikiliza nyota. Ukianza kuandika, usiogope kutia jini. Ila uniambie anadai nini.

The House of Rust nakutumia kwa basi la kesho kutoka Mokowe, nimekifunga ndani ya leso ili kona zisivunjike. Soma mpaka baba anaporudi nyumbani, kisha usimame uniandikie kabla ya kuendelea. Nataka kujua, wewe uliye na binti, ungekuwa upande wa bibi au upande wa Aisha. Ukipita Mombasa nitafutie Nagona na Mzingile vya Kezilahabi. Vyangu viliazimwa havikurudi, na Nagona nataka kuirudia polepole kwa sababu mara ya kwanza nilikimbilia maana nikaacha picha zake nyuma.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na yule mdogo mbusu mashavu yote mawili.

Wasalaam,
shoga yako,
Zena