Wakinunuana, mtazamaji asisahauliwe

Mhariri,

Mwaka 2022 Amazon ilikamilisha ununuzi wa studio ya filamu ya MGM kwa takriban dola bilioni 8.5. Mwaka uliofuata Microsoft ikaichukua Activision Blizzard, watengenezaji wa michezo ya video, kwa karibu dola bilioni 69. Fedha ni zao. Kinachonikera ni kwamba Amazon sasa inatengeneza filamu, inauza kifaa cha kuzionyesha sebuleni, na yenyewe ndiyo inayopanga ipi itangulie kwenye skrini. Mshindani mdogo atapenya wapi?

Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza waliizuia Microsoft mpaka ikakubali haki za kurusha michezo ya Activision kwa intaneti ziuzwe kwa Ubisoft, kampuni nyingine ya michezo ya video. Nautaka ukali huohuo kwenye televisheni.

Msomaji wako