Kuzeesha gari si udanganyifu

Mhariri,

Wanaotuita matapeli kwa kuzeesha gari la Porsche 911, yaani kulipa sura ya modeli ya zamani zaidi, nadhani hawajawahi kushika msasa. Yangu ni SC, toleo mojawapo la 911, ya 1982. Nimeng'oa bampa nene, zile zilizokuja na modeli ya 1974 kwa sababu ya sheria za Marekani, nikafunga nyembamba za mtindo wa 1973. Nilidhani ni kazi ya bolti tu! Kumbe boneti ya zamani ni ndefu zaidi, basi na madigadi ya mbele yakabadilishwa. Chini ya rangi nikakuta puti ya fundi aliyetangulia, nene kama kidole. Injini ya lita 3.0 sijaigusa. Kadi ya gari bado inasema 1982, na mnunuzi nitamwonyesha kabla hajauliza.

Msomaji wako wa siku nyingi