Filamu ya Jumamosi

Wanakikundi, habari zenu. Jumamosi hii zamu ni ya Night of the Living Dead ya George A. Romero, ya mwaka 1968. Najua haina rangi, msianze kunung'unika! Ule weusi na weupe ndio unaoifanya ile nyumba ya shambani walimojificha watu itishe (damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti). Kwangu mimi hakuna filamu ya mazombi inayoifikia. Wafu wanajikokota tu nje. Walio hai ndio wanaotoana macho, huyu anataka wajifungie chini, yule wabaki juu, na hapo roho inakaa mkononi. Mtazameni mwigizaji Duane Jones anavyogongomelea mbao madirishani huku wengine wakibishana. Aliyekwisha kuiona, mwisho wake asiutaje humu, tafadhali.